Betri ya gari inapowasha taa za nyumbani

Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa Japani na Marekani Desemba 2010, lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, liliweza kwenda takriban kilomita 117 kabla ya kuchajiwa tena. Toleo la mwaka 2018, lenye kilowati-saa 40, lilipimwa kilomita 243. Baridi kali hupunguza masafa hayo, hasa dereva anapopasha joto ndani ya gari.

Baada ya tetemeko la ardhi la Machi 2011 kuziacha kaya nyingi za Japani gizani, kampuni hiyo ilileta mwaka 2012 kifaa cha kurudisha umeme kutoka kwenye gari hadi nyumbani. Betri iliyojaa ilikadiriwa kuitosha nyumba ya kawaida nchini humo kwa siku mbili hivi. Baada ya hapo, bila shaka, gari halina safari.

Magari ya Leaf yaliyokwisha kutumika Japani huuzwa pia Nairobi. Mnunuzi hana budi kuhesabu mistari 12 midogo ya uwezo wa betri kwenye dashibodi. Mistari hiyo hupungua kadiri betri inavyochakaa, na betri ya gari hili, isiyopozwa kwa maji, huchakaa upesi penye joto kali.