Marekani: bastola haikupita posta, lakini ilifika

Mwaka wa 1927 bunge la Marekani lilikataza posta kubeba bastola za raia. Kampuni za kusafirisha mizigo hazikuguswa, na bunduki ndefu ziliendelea kupita posta kama kawaida. Sheria yenye mlango wazi, kwa ufupi.

Lee Harvey Oswald, mkaaji wa Dallas, alipita humo. Aliagiza silaha mbili kwa jina la uongo, na zote zilitumwa tarehe 20 mwezi wa tatu 1963. Bunduki ilitoka Chicago kwa posta, dola 21.45 pamoja na usafiri. Bastola ilitoka Los Angeles kwa kampuni ya REA Express. Hakuna muuzaji aliyeuona uso wake. Tarehe 22 mwezi wa 11 Rais John Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo, na polisi mmoja kwa bastola.

Bunge lilijikokota mpaka Martin Luther King na Robert Kennedy nao wakauawa. Sheria ya mwezi wa 10 mwaka 1968 iliamuru raia anayemuuzia mtu wa jimbo lingine aipeleke silaha kwa mfanyabiashara mwenye leseni kule kwa mnunuzi. Mnunuzi aifuate dukani na kujaza fomu. Raia wawili wa jimbo moja wakiuziana, sheria hiyo haikudai duka lolote.