Chipu Mbili, Wimbo Mmoja: Hoja ya Kuzitengeneza Kompyuta Kongwe

Lipo dai linalorudiwa katika mijadala ya uhifadhi wa urithi wa kidijitali, kwamba kompyuta binafsi za miaka ya 1980 hazina haja ya kutengenezwa. Inatosha kunakili diski zake na kuziendesha kwa programu igizi, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo ijibu kama ile ya zamani. Kwa mtazamo huo, anayeshinda mezani akilehemu bodi ya Commodore 64 anajifurahisha tu. Makala hii inalipinga dai hilo.

Kuhusu udhaifu wa mashine zenyewe hakuna ubishi. Adapta ya Commodore 64 ikichakaa huweza kupitisha umeme unaozidi volti 5 zinazohitajika na kuunguza chipu za kumbukumbu. Betri ya Amiga 500 Plus huvuja na kula njia za shaba za bodi. Mafundi na wahifadhi wanakubaliana kwamba vitu hivyo viondolewe mapema.

Ushahidi ninaoutegemea ni chipu ya sauti ya Commodore 64, kompyuta iliyotoka mwaka 1982. Chipu hiyo, SID, ilibuniwa na Bob Yannes katika kampuni ya MOS Technology. Toleo lake la kwanza, 6581, lina sauti tatu, pamoja na rejesta ya biti 4 ya kuongeza na kupunguza sauti, yaani ngazi 16 tu. Haikukusudiwa kupiga sauti zilizorekodiwa. Ila ina kasoro: penye mlango wa kutolea sauti hubaki volti kidogo hata pasipo noti yoyote inayopigwa, kwa hiyo kila ngazi inapobadilishwa husikika mshindo. Waprogramu walipolibaini hilo, wakawa wanabadilisha ngazi maelfu ya mara kwa sekunde, mishindo ikashikana ikawa maneno ya mtu, ngoma, hata gitaa. Gitaa la Rob Hubbard katika muziki wa mchezo wa Skate or Die, wa mwaka 1987, limepita katika kasoro hiyo.

Kisha wahandisi wakairekebisha. Katika toleo la 8580, lililoingia kwenye mashine za nusu ya pili ya muongo huo, volti ile ilipunguzwa mno, na gitaa likafifia. Diski ni ileile na hakuna biti hata moja iliyopotea, lakini wimbo si uleule. Aliyenakili diski kwa uaminifu wote hawezi kuliona badiliko hilo ndani ya nakala yake, kwa sababu halimo. Mafundi wa ridhaa hupachika rezista kati ya pini ya kuingizia sauti ya nje na ethi ili kuirudisha volti iliyoondolewa, na gitaa husikika tena. Mimi nakiita kitendo hicho uhakiki wa matini, tena wa kiwango cha juu.

Nitajibiwa kwamba programu igizi za leo huyaiga matoleo yote mawili. Ni kweli, na kazi ya Dag Lem katika reSID, programu inayoiga SID, inastahili heshima kubwa. Lakini uigaji wa aina hiyo hupata wapi kipimo chake, kama si katika chipu zilizo hai? Isitoshe, chipu za 6581 hazilingani zenyewe kwa zenyewe: kichujio cha moja huizamisha sauti pale ambapo cha nyingine huiacha wazi. Programu igizi hulazimika kuchagua. Mtafiti wa tenzi hatupi mswada wa hati ya Kiarabu eti kwa kuwa chapa ya hati ya Kirumi imeshatoka. Huurudia kila anapotilia shaka uamuzi wa mhariri.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kutengeneza kunafuta ushahidi. Hapa natofautisha. Kifaa cha kadi ya kumbukumbu kinachochukua nafasi ya kiendeshi cha diski huchomekwa kwa nje na hakigusi bodi. Sioni ubaya wake. Chipu ya kisasa iliyoundwa kuiga SID ni jambo jingine: nayo ni programu igizi iliyovaa miguu ya chuma, na mashine iliyopachikwa chipu hiyo isitumike kuthibitisha lolote kuhusu sauti ya asili. Lakini kutengeneza kwenyewe si lazima kufute ushahidi: Computer History Museum ya California iliifufua kompyuta ya PDP-1 hadi mchezo wa Spacewar! ukachezeka tena, na mashine hiyo haikupoteza hadhi ya ushahidi.

Kwa hiyo kila hifadhi inayopokea muziki wa Commodore 64 iandike umepigwa kwa toleo gani la chipu, ihifadhi kumbukumbu za kila kipuri kilichobadilishwa, na iwe na walau mashine mbili zinazowaka, moja ya 6581 na moja ya 8580. Iliyo na diski pekee isidai kwamba imeuhifadhi muziki huo.