Upigaji picha wa mandhari wakati wa jioni

Upigaji picha wa mandhari wakati wa jioni ni tawi la upigaji picha linalohusu picha za nchi, milima, maji na anga, kuanzia jua linapokaribia upeo wa macho hadi giza linapoingia. Watu wengi huufanya kama burudani: mtu amemaliza kazi za mchana, anatoka kupunga upepo, na kamera au simu iko mkononi. Mwanga wa wakati huo hupendwa kwa sababu hauchomi macho, una rangi ya manjano au nyekundu, na huangaza vitu kutoka ubavuni, hivyo mabonde, matuta ya mchanga na mawimbi huonekana umbo lake.

Wapigapicha huugawa muda huu sehemu mbili. Ya kwanza huitwa saa ya dhahabu, nayo ni wakati jua likiwa chini ya nyuzi 6 hivi juu ya upeo wa macho. Ya pili ni saa ya buluu, yaani utusitusi unaofuata machweo, hadi jua linapofika nyuzi 6 chini ya upeo. Majina haya yalizoeleka katika nchi zilizo mbali na ikweta. Katika Afrika ya Mashariki neno "saa" linapotosha, kwa kuwa hakuna sehemu kati ya hizo mbili inayozidi nusu saa.

Muda wa mwanga karibu na ikweta

Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo mwendo wake wote hutumika kulipeleka chini. Mbali na ikweta njia ya jua hulala mshazari, nalo hukawia kuzama. Tofauti si ndogo. Mjini London mwishoni mwa Juni, jua hutumia takriban dakika 54 kushuka kutoka nyuzi 6 hadi kuzama, kisha utusitusi hudumu dakika 48 hivi. Kwenye ikweta hatua ya kwanza huchukua dakika 27 hadi 30 na ya pili dakika 21 hadi 23, mwaka mzima. Vitabu vingi vya wanaoanza vimeandikwa kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani Kaskazini. Anayefuata ratiba ya vitabu hivyo akiwa Mwanza au Mombasa huwa bado anafungua mkoba wakati rangi zinaondoka.

Nguvu ya mwanga nayo hushuka haraka. Mchana wa jua kali uso wa ardhi hupata mwanga wa takriban luksi 100,000. Wakati wa machweo, anga likiwa safi, hubaki luksi 400 hivi, na mwishoni mwa saa ya buluu luksi 3 au 4. Kwa hesabu hiyo, karibu na ikweta mwanga hupungua kwa nusu kila baada ya dakika tatu hivi tangu jua linapozama. Mpigapicha aliyepanga kamera yake kwa mkono na kuiacha hivyo kwa dakika kumi atapata picha nyeusi.

Kwa sababu hiyo kujua saa ya machweo ni jambo la kwanza. Mjini Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi. Kigoma hutumia saa ileile ya nchi, lakini kwa kuwa iko mbali upande wa magharibi, jua lake huzama karibu dakika 40 baadaye. Mahali penye Waislamu ratiba za swala zinazobandikwa misikitini hutoa saa ya Magharibi kwa kila siku, nayo hutofautiana na machweo kidogo tu. Ni kalenda nzuri na haihitaji intaneti.

Bila saa wala ratiba, vidole vinatosha. Mkono ukinyooshwa mbele, upana wa kidole kimoja ni takriban nyuzi 2. Karibu na ikweta kila kidole kati ya jua na upeo wa macho ni sawa na dakika 8 hivi, na vidole vinne ni nusu saa. Kanuni inayosambaa sana ya dakika 15 kwa kila kidole ni ya nchi za mbali na ikweta na hapa haifai. Wakati wa kupima, jua lisitazamwe moja kwa moja, na lisitazamwe kamwe kupitia kitundu cha kamera yenye lenzi ndefu, kwa kuwa lenzi hukusanya mwanga na huweza kuharibu jicho.

Chanzo cha rangi

Chembe za hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, jambo lililoelezwa na mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh mwaka 1871. Jua linapokuwa kwenye upeo wa macho, mwanga wake hupita katika hewa nyingi karibu mara 40 kuliko linapokuwa utosini. Buluu hutawanyika njiani, na kinachofika ni manjano, rangi ya chungwa na wekundu. Vumbi na moshi wa kuchoma mashamba mwishoni mwa kiangazi huongeza wekundu huo lakini hufifisha milima ya mbali. Jioni baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, milima hurudi na mawingu huwaka kwa chini.

Buluu ya baada ya machweo ina sababu nyingine. Mwaka 1953 Mmarekani Edward Hulburt alionyesha kwamba inatokana zaidi na gesi ya ozoni iliyo juu sana angani, ambayo hunyonya sehemu ya manjano na nyekundu ya mwanga.

Wakati huohuo, upande wa mashariki hutokea jambo ambalo watu wengi huliacha nyuma ya migongo yao. Dakika chache baada ya jua kuzama, ukanda wa rangi ya waridi huonekana juu ya upeo, na chini yake ukanda wa kijivu kilichochanganyika na buluu. Ule wa juu huitwa Mkanda wa Zuhura. Ule wa chini ni kivuli cha Dunia yenyewe kikipanda angani.

Mahali na mwelekeo

Pwani ya Afrika ya Mashariki kwa sehemu kubwa inatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama nchi kavu, kwa hiyo anayetaka picha ya jua likizama majini hawezi kuipata ufukoni mwa Malindi. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni tofauti, kwa kuwa uko upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja, na kutoka Forodhani jua huonekana likishuka nyuma ya majahazi. Katika Ziwa Tanganyika, Kigoma na Bujumbura hutazama magharibi, na jua huzama nyuma ya milima ya Kongo. Kwa kuwa milima hiyo huinua upeo wa macho, jua huondoka mapema kuliko ratiba isemavyo. Kalemie, iliyo ng'ambo katika Kongo, hutazama mashariki. Huko jioni ziwa lenyewe ndilo linalobeba Mkanda wa Zuhura.

Mlima Kilimanjaro mara nyingi hujifunika mawingu mchana na kufunuka asubuhi na mapema au jioni. Ukitazamwa kutoka nyanda za Amboseli nchini Kenya, jua la jioni huangaza upande wake wa magharibi huku upande wa pili ukiwa kivulini.

Vifaa na mpangilio

Simu ya kawaida inatosha kwa saa ya dhahabu. Baada ya machweo kamera huhitaji muda mrefu zaidi wa kupokea mwanga, pengine sekunde nzima au zaidi, na mkono wa mtu hautulii kiasi hicho. Stendi ya miguu mitatu ndiyo dawa. Asiye nayo huweka kamera juu ya ukuta, jiwe au mfuko wa mchanga na kutumia kihesabu cha sekunde ili asiitikise kwa kubonyeza. Kuongeza kipimo cha ISO huruhusu muda mfupi zaidi, lakini picha huwa na chengachenga.

Kosa moja hufanywa na kamera yenyewe. Ikiachwa ichague rangi, hudhani kwamba manjano ya jioni ni kasoro na huisahihisha, na picha hutoka kama ya saa sita mchana. Kuchagua mpangilio wa mwanga wa jua hurudisha rangi iliyoonekana kwa macho. Vilevile anga huwa na mwanga mwingi kuliko ardhi. Mpigapicha huamua ama kupima anga na kuacha miti na mashua ziwe vivuli vyeusi, au kusubiri dakika kumi hadi kumi na tano baada ya machweo, ambapo anga na ardhi hukaribiana. Wengi huondoka mara jua linapozama, na hiyo ni hasara.

Historia

Mabamba ya kwanza ya picha yalihisi buluu kupita kiasi, hivyo anga lilitoka jeupe tupu. Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1856 na 1857, alitatua tatizo hilo katika baadhi ya picha zake za bahari kwa kuunganisha negativu mbili, moja ya anga na nyingine ya maji. Rangi zilikuja baadaye: mabamba ya ndugu Lumière yaliuzwa kuanzia 1907, na filamu ya Kodachrome ilitoka 1935.

Picha ya jioni inayotajwa zaidi ni ya Mmarekani Ansel Adams, inayoonyesha mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Adams alikuwa akirudi Santa Fe kwa gari alipoona misalaba ya makaburi iking'aa kwa jua la mwisho. Alisimamisha gari, akafunga kamera yake kubwa, lakini kipima mwanga hakikuonekana. Alikumbuka kiwango cha mng'ao wa mwezi, akakokotoa muda kutokana nacho, akapiga picha moja. Kabla hajapiga ya pili jua lilikuwa limeondoka kwenye misalaba. Yeye mwenyewe hakuandika tarehe, na kwa miaka mingi alitaja miaka tofauti. Mwaka 1991 mwanaastronomia Dennis di Cicco alikokotoa kutokana na mahali pa mwezi kwamba ilikuwa tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 alasiri.

Usalama na ruhusa

Kandokando ya maziwa na mito viboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, na njia zao mara nyingi ni zilezile zenye uwazi mzuri wa kupigia picha. Baharini ni lazima kujua maji yanajaa au yanakupwa: fungu la mchanga lililofikiwa kwa miguu saa kumi na moja linaweza kuzungukwa na maji saa kumi na mbili na nusu, gizani. Tochi na mwenzi ni vitu vya kubeba pamoja na kamera.

Kambi za jeshi, viwanja vya ndege na bandari havipigwi picha bila ruhusa, na kurusha droni nchini Kenya na Tanzania huhitaji kibali. Wavuvi wanaorejea, wachungaji na watu waliokusanyika kwa swala ya Magharibi huombwa kwanza, hata kama kwenye picha ni vivuli tu.