Moto na Makaa: Tanuri za Chuma za Buhaya na Prosesa za Zama Hizi

Kila chombo kinachofanya kazi kwa nguvu ya moto kina hesabu mbili: kazi kinayoitenda, na kuni kinazokula. Mwenye kukisifu huitaja ya kwanza na kuinyamazia ya pili. Katika nchi ya Buhaya, tangu Kaagya na vijiji vya Bukoba hata Muleba, hesabu hizo mbili zimeleta ubishi mkubwa baina ya wataalamu juu ya tanuri za chuma za zamani. Na ubishi huo unafanana ajabu na ule wa siku hizi juu ya prosesa, yaani kile kipande kidogo cha silikoni kifanyacho hesabu ndani ya seva.

Mwaka 1969 Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, alianza utafiti wake Bukoba. Huko Katuruka wazee walimsimulia habari za Mukama Rugomora Mahe wa Kyamutwara, na za mti wa Kaiija, ambao masimulizi yaliufunga na kazi ya wahunzi. Palipochimbwa palitokea mavi ya chuma, makaa, na vigae vya namna ile iitwayo Urewe. Baadhi ya makaa hayo, yalipopimwa umri, yalionyesha zama za kabla ya kuzaliwa Kristo, ingawa si wataalamu wote waliokubali tarehe za mbali kabisa. Rugomora mwenyewe alitawala katika karne ya 17 hivi. Basi masimulizi yalichanganya zama, lakini mahali hayakupakosea. Na jambo hilo ni la kustahiwa na kila mtu adharauye historia isiyoandikwa.

Mwaka 1976 wazee waliokuwa wamefanya kazi hiyo ujanani waliombwa kujenga tanuri tena. Walichimba shimo, wakalipaka ndani udongo wa kichuguu. Juu yake walisimamisha ukuta wa mfano wa pia, uliojengwa kwa vipande vya mavi ya chuma ya zamani vilivyoshikizwa kwa udongo uo huo. Shimoni walitia manyasi ya bwawani yaliyounguzwa, ili mavi ya chuma yapate pa kushukia na chuma kipate kaboni. Kisha makaa na mtapo vikapangwa kwa zamu, na mabomba manane ya udongo yakaingizwa, kila moja na mvukuto wake. Mabomba hayo hayakuishia ukutani, bali yaliingia ndani kabisa ya moto.

Hapo ndipo ulipozaliwa ubishi. Septemba 1978, katika jarida la Science, Schmidt na mwenzake Donald Avery, mjuzi wa madini, walitoa hoja kwamba hewa ilipata moto ndani ya bomba kabla ya kuyafikia makaa. Kwa hiyo joto lilizidi, na makaa yakaokolewa. Walisema pia kwamba tanuri za kale zilizofukuliwa zilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo tangu karne za kwanza baada ya Kristo. Bara Ulaya ufundi wa kupasha hewa moto ulipata hati yake mwaka 1828 tu, kwa James Neilson wa Uskoti. Magazeti yakaipokea habari kwa shangwe, yakashika daraja 1,800 za joto, na mengine yakayaacha.

Wapinzani hawakukawia. J. E. Rehder, mjuzi wa madini, aliandika mwaka 1986 kwamba joto liwezalo kupenya bomba la udongo na kuifikia hewa ipitayo kwa kasi ni dogo; tena makaa mema yakipulizwa hewa baridi huweza kutoa joto kali sana mbele ya bomba. Manfred Eggert wa Ujerumani alifuata mwaka 1987, na David Killick mwaka 1996. Katika jambo hili wapinzani wana haki zaidi. Joto la mahali pamoja halisemi kitu juu ya makaa yaliyotumika kwa kazi yote. Neilson alihukumiwa kwa daftari: katika kiwanda cha Clyde, mwaka 1829 tani moja ya chuma ilikula zaidi ya tani 8 za makaa ya mawe, mwaka 1833 zilitosha kama tani 2 na robo, ingawa sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na kuacha koki. Tanuri za Kemondo hazikuacha daftari.

Watengenezaji wa prosesa nao waliteleza hapo hapo. Kwa miaka mingi Intel ilipiga mbiu ya mapigo kwa sekunde, kana kwamba mapigo ndiyo kazi. Aprili 2003 AMD ilileta Opteron, yenye mapigo machache zaidi na kazi nyingi. Oktoba 2004 Intel iliuacha mpango wa Pentium 4 ya mapigo bilioni 4, kwa kuwa joto lilikuwa limezidi mno; na Juni 2006 ikatoa Xeon za muundo mwingine, zilizopunguza mapigo na kuongeza kazi kwa kila wati. Desemba 2007 chama cha SPEC kilitoa kipimo kilichokuwa bora kuliko vilivyotangulia: seva hupewa kazi yake yote, kisha hupunguziwa fungu moja la kumi kwa kila hatua, hata ibaki bure, na umeme hupimwa kila hatua. Kwa maana seva nyingi hushinda nusu bure, nazo hula. Ndiyo sababu prosesa za asili ya ARM, zilizoanzia Cambridge mwaka 1985 katika kompyuta ndogo, zilipata kuingia katika nyumba za seva za Amazon mwaka 2018. Katika mkoa kama Kagera, uliopata umeme wake kutoka Uganda kwa miaka mingi, hesabu hiyo si ya anasa.

Tanuri nayo ingepimwa hivyo: makaa ya kuipasha kabla ya chuma kutoka, mikono ya wavuvia mivukuto, miti iliyokatwa. Kazi ya wahunzi wa Buhaya haipungui thamani kwa kukosa taji la Neilson; kuyageuza mavi ya chuma ya jana kuwa ukuta wa leo, na manyasi kuwa kaboni, ni akili ya kutosha. Tena tanuri zao hazikuzimwa na tanuri iliyozidi moto. Zilizimika katika miaka ya 1920 hivi, majembe ya Ulaya yalipofika madukani kwa bei ambayo mvukuto haukuweza kuishindana.