Bendera Nyekundu ya Fort Jesus
Hadi mwaka 1963, bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilipepea juu ya Fort Jesus, Mombasa, ilhali watawala walikuwa Waingereza. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulimwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mwaka 1890 Wajerumani walilipa marki milioni 4, wakauchukua moja kwa moja upande wa kusini, ambao leo ni pwani ya Tanzania Bara. Waingereza walikodi tu: kwa makubaliano ya 1895 waliuendesha upande wao kwa malipo ya kila mwaka. Ndiyo maana tangu 1920 Kenya iliitwa Koloni na Himaya, Koloni ikiwa bara na Himaya ikiwa pwani.

Wapo wanaosema bendera ile ilikuwa pambo tu, kwa kuwa amri zilitoka kwa gavana. Amri, kweli, hazikuwa za Sultani. Lakini pambo halihitaji mkataba ili lishushwe. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa pwani walidai Mwambao ujitenge, dai zito lililogusa imani na ardhi yao. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakabadilishana barua: ukanda uingie Kenya, na mahakama za kadhi zidumishwe. Tanganyika, ambayo pwani yake ilishanunuliwa, haikufungwa na ahadi ya namna hiyo. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 bado kinazitambua mahakama hizo.