Biashara za kijamii jijini Nairobi

Biashara za kijamii jijini Nairobi ni shughuli zinazouza bidhaa au huduma ili kutatua tatizo la jamii. Sanergy, iliyoanza mwaka 2011, ni mfano mzuri: vyoo vya Fresh Life ilivyovianzisha katika mitaa ya mabanda ya Mukuru huendeshwa na wakazi, na kinyesi hukusanywa na kugeuzwa mbolea na chakula cha mifugo. Hata hivyo, nyingi ya biashara hizi hazijitoshelezi kwa mauzo pekee. Huchanganya mapato na ruzuku.

Wakosoaji husema maskini hapaswi kulipia usafi, kwa kuwa Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inautambua kuwa haki. Hoja hiyo ina uzito, lakini haki isiyo na mtoa huduma haimfikii mkazi wa mtaa usio na mabomba ya majitaka. Haki na biashara si mahasimu: wajasiriamali wabuni na kuendesha huduma, nayo serikali ya kaunti igharamie sehemu ambayo mauzo hayawezi kuifidia. Bila fedha hizo za umma, mafanikio yao yatabaki kuwa ya wachache.