Chui wa Pwani na Ngozi Yake

Kisiwa cha Funzi ki karibu na mlango wa mto Ramisi, katika pwani ya kusini ya Kenya, na wenyeji wake ni watu wa ngalawa na nyavu. Lakini bidhaa za pwani hii zilizokwenda ng'ambo hazikutoka baharini peke yake. Nyingine zilitoka katika misitu ya bara, nayo ngozi ya chui ilikuwa mojawapo. Al-Masudi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10, aliandika kwamba ngozi za chui wa nchi ya Zanji zilipelekwa katika nchi za Waislamu, zikatengenezwa matandiko ya farasi.

Chui ni wa jamaa ya paka, na tabia zake ni za paka. Hutembea peke yake, na huwinda zaidi usiku. Hana mbio ndefu. Hunyatia mpaka awe karibu, kisha huruka. Mara nyingi hulipandisha windo lake mtini, ili fisi wasimnyang'anye. Jike huchukua mimba kiasi cha miezi mitatu, akazaa watoto wawili au watatu na kuwaficha pangoni au kichakani. Chakula chake ni paa, nguruwe mwitu, nyani na hata panya. Akiwakosa hao huingia kijijini kutafuta mbuzi na mbwa.

Kwa sababu ya mbuzi hao wanavijiji walimtega tangu zamani, wala hatuwezi kuwalaumu, maana mbuzi ni mali. Lakini mtego wa mtu aliyepotewa na mbuzi mmoja haumalizi chui wa msitu mzima. Hatari kubwa ililetwa na soko. Katika miaka ya 1960 matajiri wa Ulaya na Marekani walipenda makoti ya ngozi ya chui, hasa baada ya Jacqueline Kennedy, mke wa Rais wa Marekani wa wakati huo, kuonekana amevaa moja mwaka 1962. Koti moja lilihitaji ngozi kadhaa. Bei ikapanda, na majangili wakatumia mitego na nyama iliyotiwa sumu. Mataifa yakaizuia biashara hiyo kwa mkataba ulioanza kutumika mwaka 1975. Kenya nayo ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1978 ikakomesha uuzaji wa ngozi na pembe.

Katika kisiwa cha Unguja adui wa chui hakuwa bei, bali hofu. Watu waliamini kuwa chui hufugwa na wachawi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kumwua. Kisiwani hapana pa kukimbilia. Leo wataalamu wengi wamhesabu chui wa Unguja kuwa ametoweka.

Milima ya Shimba, iliyo kaskazini mwa Funzi, nyuma ya Diani, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na chui wangalimo. Mkulima wa Kwale anayekesha akilinda mahindi yake hulinda nguruwe na nyani, nao ndio mawindo ya chui. Kwa hiyo anayehesabu mbuzi aliyechukuliwa na chui na ahesabu pia mahindi yaliyosalimika. Hesabu hiyo haikufanywa Unguja.